Wilfred Thesiger na Picha Zake za Jangwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila picha ya mzee huyu inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, iwe ya ngamia juu ya tuta la mchanga au ya kijana wa Kibedui mwenye bunduki, maswali huwa yaleyale. Tumeyakusanya hapa kuanzia ya msingi hadi yale yanayozua ubishi. Jibu likishatolewa mahali pengine, tumekuelekeza huko.

## Mtu mwenyewe

Wilfred Thesiger alikuwa nani?

Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akitembea kwa miguu na kwa ngamia katika nchi kame za Afrika na Uarabuni. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1910 na kufariki tarehe 24 Agosti 2003, akiwa na miaka 93. Anajulikana zaidi kwa safari zake katika jangwa la Rub al-Khali kati ya mwaka 1946 na 1950, kwa vitabu alivyoviandika baadaye, na kwa picha. Aliacha negativu zipatazo 38,000.

Ni kweli alizaliwa Afrika?

Kweli. Alizaliwa Addis Ababa, ndani ya ubalozi wa Uingereza, baba yake akiwa ndiye mwakilishi wa nchi hiyo Ethiopia. Mwaka 1916, akiwa na miaka sita, alishuhudia majeshi ya Ras Tafari yakiingia mjini kwa shangwe baada ya ushindi wa vita vya Segale: wapanda farasi, ngoma, mateka, nguo za vita. Mwenyewe alisema mara nyingi kwamba siku ile ndiyo iliyompa kiu ya maisha yasiyofanana na ya Ulaya.

Ras Tafari yule ndiye aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, na alipotawazwa mwaka 1930 alimwalika Thesiger, wakati huo mwanafunzi wa Oxford. Miaka mitatu baadaye kijana akarudi Ethiopia kuufuata Mto Awash katika nchi ya Waafar, akitaka kujua unakoishia, kwa sababu maji yake hayafiki baharini. Aliukuta ukimalizikia katika Ziwa Abhe, mpakani mwa Ethiopia na Djibouti ya leo.

Alikuwa mpigapicha kwa kazi?

Hapana, na ukimwita hivyo angekukatalia. Hakuwa na studio wala hakupiga picha za kuagizwa. Alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Sudan kuanzia 1935, kwanza Kutum huko Darfur kaskazini, kisha katika nchi ya Wanuer. Vita Kuu ya Pili ilipofika akawa askari, akapigana Ethiopia dhidi ya Waitaliano chini ya ofisa wa Kiingereza Orde Wingate, na baada ya hapo akawa msafiri. Kamera aliibeba kama wengine wanavyobeba daftari. Lakini kwa kuwa aliibeba karibu maisha yake yote, leo watu wengi wanamfahamu kupitia picha kabla hawajasoma hata ukurasa mmoja wa maandishi yake.

## Rub al-Khali

Jangwa hili liko wapi na ni kubwa kiasi gani?

Liko kusini mwa Rasi ya Uarabuni. Sehemu kubwa ni ya Saudi Arabia, na linaingia Oman, Yemen na Falme za Kiarabu. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 650,000, yaani linaimeza Kenya yote na bado panabaki nafasi. Matuta yake ya mchanga hufika mita 250 kwenda juu.

Alifuata nini huko?

Nzige. Rasmi, angalau. Mwaka 1945 aliajiriwa na kitengo cha Waingereza cha kupambana na nzige Mashariki ya Kati, akatumwa Dhofar, kusini mwa Oman, kuchunguza kama nzige wa jangwani wanazaliana kwenye mchanga wa kusini mwa Uarabuni. Kwake nzige walikuwa kibali. Sultani wa Muscat na Oman, Said bin Taimur, hakuruhusu wageni wajizururie, na bila sababu ya kiserikali Thesiger asingetoka nje ya Salalah, mji mkuu wa Dhofar. Ripoti za nzige aliziandika kama alivyotakiwa, ila moyo wake ulikuwa upande wa pili wa matuta. (Habari za nzige zina mwisho wa kushangaza, tazama swali la nzige wa 2020.)

Alikuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Rub al-Khali?

La. Bertram Thomas alivuka mwaka 1930 hadi 1931, na St John Philby akafuata mwaka 1932 kwa njia nyingine. Thesiger ni wa tatu. Tofauti ni kwamba alivuka mara mbili, kwa njia zake, akarudi tena na tena kwa miaka mitano. Na Wabedui wenyewe walikuwa wakipita humo tangu enzi za babu zao bila kuhesabu nani wa kwanza.

Safari ya kwanza ilikuwaje?

Walitoka Salalah mwezi Oktoba 1946 wakiwa kundi kubwa, wengi wao watu wa kabila la Bait Kathir. Walipofika ukingoni mwa mchanga mkubwa, wengi waliona ni kujitafutia kifo, wakarudi nyuma. Wakabaki watano: Thesiger, Muhammad al-Auf na Salim bin Kabina wa kabila la Rashid, pamoja na Musallim bin Tafl na Mabkhaut wa Bait Kathir. Al-Auf pekee ndiye aliyewahi kupita njia ile.

Kikwazo kikuu kilikuwa Uruq al-Shaiba, safu za matuta kama milima, moja nyuma ya nyingine. Ngamia walikuwa hoi, na mchanga wa ubavuni ulikuwa laini kiasi kwamba mguu ukikanyaga unazama. Al-Auf alitangulia peke yake kwa miguu kutafuta mahali pa kupanda, wengine wakamsubiri chini. Kisha wakawapandisha ngamia mmoja mmoja, huyu akivuta mbele, yule akisukuma nyuma. Thesiger anaeleza kwamba alipodhani wamemaliza, akaambiwa kuwa lile gumu zaidi bado liko mbele.

Maji yalikuwa kwenye viriba na yalipimwa. Chakula kilikuwa unga kidogo. Baada ya kuvuka, wakiwa hawajaonja nyama kwa wiki kadhaa, walimpata sungura. Wakampika, kila mtu macho kwenye sufuria. Ghafla wakatokea wageni, Waarabu watatu. Wenzake Thesiger wakawakaribisha, wakawapa sungura wote, na walipobembelezwa wale pamoja nao, wakasisitiza kwamba wao wameshashiba, kwamba siku hii imebarikiwa kwa ujio wao. Thesiger anakiri kwamba yeye alitamani kuwaua wale wageni. Msomaji wa pwani atacheka, maana adabu hii anaijua, na njaa ile pia.

Karibu na oasisi ya Liwa ilibidi wajifiche, kwa kuwa Mkristo asingepokewa vizuri. Wenzake wachache wakaenda kutafuta chakula, yeye akalala na njaa siku tatu akiwasubiri. Anasimulia alivyoota malori yaliyojaa vyakula, kisha akajiuliza kama angetaka gari lije limchukue. Jibu lake lilikuwa hapana: afadhali njaa ile kuliko kukaa kitini akisikiliza redio.

Bin Kabina na bin Ghabaisha ni kina nani?

Ni vijana wawili wa Kirashid ambao nyuso zao utaziona kwenye picha zake nyingi za Uarabuni. Salim bin Kabina alijiunga naye akiwa na umri wa miaka 16 hivi. Salim bin Ghabaisha alikuja baadaye kidogo. Ndio waliomtunza, waliompikia, waliomlinda kwa bunduki zao, na waliomsemea mbele ya watu waliotaka kumuua. Yeye walimwita Mubarak, na jina hilo likakaa: Mubarak bin London.

Tunapendekeza kila anayesambaza picha hizi aandike majina yao chini yake. Yanajulikana, hayakupotea, na Thesiger mwenyewe aliyaandika. Kuweka "Bedui, Uarabuni, 1948" ni uvivu tu.

Safari ya pili, kweli alikamatwa?

Ndiyo. Mwanzoni mwa 1948 alivuka kutoka kisima cha Manwakh, Hadhramaut, hadi Sulayyil nchini Saudi Arabia. Mfalme Ibn Saud alikuwa hajampa ruhusa, hivyo yeye na wenzake wakawekwa ndani. Aliyewaokoa ni Philby, yule mvukaji wa pili, ambaye alikuwa karibu na mfalme na akamwombea.

Walipoachiwa, wenyeji wa mji wa Laila walikataa kuongozana na mtu wanayemwona kafiri. Thesiger akawa kiongozi wa njia yeye mwenyewe hadi oasisi ya Jabrin, akitumia dira na ramani ya Philby, huku Wabedui wakimfuata. Waliendelea hadi Abu Dhabi, wakati huo mji mdogo wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu, na kwenye oasisi ya Buraimi akakutana na Sheikh Zayed, ambaye miaka 23 baadaye angekuwa rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu.

Na Oman ya ndani?

Wakati ule Sultani alishika pwani, lakini bara lilikuwa chini ya Imamu Muhammad al-Khalili, ambaye hakutaka Wakristo wapite. Thesiger alipenya pembezoni mwake, mara nyingine akijifanya Mwarabu wa Syria, hadi akafika Umm al-Samim, eneo la tope la chumvi lenye sura ya nchi kavu ambalo humeza mtu na mnyama. Mwaka 1950 aliondoka Uarabuni kwa sababu milango yote ilikuwa imeshafungwa.

## Picha

Alitumia kamera gani?

Picha za kwanza alizipiga kwa kamera ya zamani ya Kodak iliyokuwa ya baba yake. Mwaka 1934, kabla ya kwenda Sudan, alinunua Leica II, kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, na ndiyo iliyopiga picha zote maarufu za Rub al-Khali. Baadaye alihamia Leicaflex.

Wapigapicha wanaopambana na vumbi watapenda kujua alivyoitunza: aliiweka kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi, kama mizigo mingine ya Wabedui. Ngozi ilizuia mchanga, na miaka ya mbele, alipokuwa kwenye vinamasi vya Iraq, ilizuia maji.

Mbona zote ni nyeusi na nyeupe?

Kwa hiari yake. Filamu za rangi zilikuwepo, hakuzitaka. Aliona rangi inamfunga mpigapicha kwenye kunakili, wakati nyeusi na nyeupe inaacha kivuli na umbo vifanye kazi. Jangwani jambo hili linaonekana wazi: mgongo wa tuta saa za asubuhi hukata fremu mara mbili, upande mmoja mweupe kabisa, mwingine mweusi, na mstari wa ngamia juu yake mwembamba kama uzi.

Anaitwa mpigapicha wa mandhari ya jangwa, lakini picha nyingi ni za watu. Kwa nini?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu linaeleza kazi yake nzima. Kwa Thesiger jangwa bila mtu halikuwa na maana. Mara nyingi kwenye picha zake za mchanga utakuta mtu ndani yake: nukta nne za ngamia chini ya mlima wa mchanga, mtu aliyepiga magoti kwenye ukingo, nyayo zinazoishia kwa mwenye nyayo. Hao ndio kipimo. Ukiwafunika kwa kidole hujui tena kama tuta lina mita tano au mia mbili.

Na alipopiga sura, jangwa lilibaki humo humo. Alipenda kupiga akiwa chini kidogo, kichwa cha mtu kikatokea mbele ya anga tupu. Angalia picha za bin Ghabaisha: nywele ndefu, kitambaa, bunduki, na nyuma yake hakuna kitu. Ule utupu ndio mandhari. Wengi wanaokwenda leo na ndege ndogo zisizo na rubani wanaleta mchanga mzuri sana usiokaliwa na mtu, na kwa maoni yetu picha zao zinasahaulika haraka kwa sababu hiyo.

Kuna upande wa pili, tuuseme. Alichagua watu. Utaona vijana wa kiume wenye sura nzuri kwa wingi, wazee kiasi, na wanawake wachache mno. Sababu moja ni desturi za mahali, nyingine ni macho yake mwenyewe. Anayetaka kujua maisha ya mwanamke wa Kibedui wa miaka ya 1940 hatayapata hapa.

## Kenya na Tanganyika

Ni kweli aliishi Maralal?

Ndiyo, miaka mingi. Alifika kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa 1960, akatembea na ngamia hadi Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Ziwa Turkana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitembea pia nchi ya Wamaasai upande wa Tanganyika akiwa na punda wa mizigo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 makazi yake yalikuwa Maralal, akiishi na vijana wa Kisamburu na Kiturkana aliowalea kama watoto wake. Alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1995 akapewa cheo cha Sir.

Alipiga picha Kenya?

Nyingi. Samburu, Turkana, mawe meusi ya volkano kuelekea ziwani, sherehe za tohara na za morani. Hazijulikani kama za Uarabuni, na ni hasara, hasa kwa familia za huko ambazo zingewatambua babu zao. Kitabu chake cha *My Kenya Days* (1994) kina baadhi.

## Lawama na urithi

Aliua simba 70?

Kwa hesabu yake mwenyewe, ndiyo, wakati wa utumishi wake Sudan. Wafugaji walimwita aje kila simba walipovamia ng'ombe, na kwa zama zile ilikuwa sifa. Leo idadi hiyo inatisha, na haina haja ya kupambwa.

Alikuwa jasusi wa kampuni za mafuta?

Watu wa jangwani wenyewe walimshuku hivyo, na alikana. Ukweli ni kwamba aliwachukia watafuta mafuta kwa kuwa alijua watakachobadilisha. Lakini katika *Arabian Sands* (1959) anakubali kwamba ramani alizochora ziliwasaidia waliokuja baada yake kwa ajili ya mali. Kwenye matuta yaleyale ya Shaiba ambako al-Auf alitafuta njia kwa miguu, leo kuna eneo kubwa la visima vya mafuta la kampuni ya Saudi Aramco lililoanza uzalishaji mwaka 1998.

Kwa nini alichukia magari hivyo?

Aliamini kwamba ugumu ndio uliowafanya Wabedui wawe Wabedui, na gari likija ugumu unaondoka, na wao pia. Mwaka 1977 alirudi Oman na Abu Dhabi, akakutana tena na rafiki zake wa zamani, na akaondoka amekasirika kwa aliyoyaona. Bin Kabina na bin Ghabaisha, kwa upande wao, walikuwa na magari na hawakuona tatizo.

Hapo ndipo hoja yake inapoyumba. Ni rahisi kuutukuza ukame ukiwa na pasipoti ya kuondokea. Mama ambaye mtoto wake amepona kwa kufikishwa hospitali kwa gari hawezi kulilia ngamia. Hata yeye, huko Kenya, alipanda Land Rover.

Nzige wa 2020 wanahusianaje naye?

Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua Rub al-Khali. Mchanga ukalowa, majani yakaota, nzige wakazaliana humo vizazi vitatu bila mtu kuwaona. Makundi yakavuka Yemen, yakaingia Pembe ya Afrika, na mwisho wa Desemba 2019 yakafika Kenya. Miongoni mwa kaunti zilizovamiwa ni Samburu, yenye Maralal. Swali alilotumwa kulichunguza mwaka 1945 lilikuwa la maana.

Na picha zake za vinamasi vya Iraq?

Kati ya 1951 na 1958 aliishi kwa vipindi virefu na Wamadan, watu wanaojenga nyumba za matete juu ya maji kusini mwa Iraq. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilivikausha vinamasi hivyo. Maji yalianza kurudishwa baada ya 2003, na mwaka 2016 UNESCO ikaviorodhesha. Kwa eneo hili picha zake ni ushahidi wa kilichokuwepo.

Nitaziona wapi picha za asili?

Albamu zaidi ya 70 na zile negativu zipo Pitt Rivers Museum, Oxford. Baada ya kifo chake serikali ya Uingereza ilizipokea badala ya kodi ya urithi, zikabaki hapo. Walio Ghuba wana bahati zaidi: katika ngome ya Al Jahili, mjini Al Ain, kuna maonyesho ya kudumu ya picha za Mubarak bin London, umbali mfupi kutoka mahali alipokutana na Sheikh Zayed.

Naweza kufuata njia yake leo?

Kwa sehemu. Salalah hadi Mughshin ni lami. Tangu 2021 kuna barabara ya moja kwa moja kati ya Oman na Saudi Arabia inayokatiza Rub al-Khali. Mchanga wenyewe usiuingie kwa gari moja wala bila mwenyeji.

Naruhusiwa kutumia picha zake kwenye kitabu au kazi yangu?

Usidhani ni mali ya umma kwa kuwa ni za zamani. Kwa sheria ya Uingereza haki huendelea miaka 70 baada ya mwaka wa kifo, hivyo zinalindwa hadi mwisho wa 2073. Waandikie Pitt Rivers, utaje namba ya picha na matumizi yako. Na ukipata kibali, rudi kwenye jibu kuhusu bin Kabina na bin Ghabaisha kabla hujaandika maelezo ya chini ya picha.